Lupango ya Kambo

Kambo hakupanda tawi siku alilolikata. Alilikata asubuhi na mapema kwa kisu chake kifupi cha kuparia samaki, mkono ameunyoosha mbali na uso, akalilaza kivulini chini ya upenu pamoja na mengine, yote yakielekea upande mmoja kama samaki kwenye fungu la sokoni. Hapo yalikaa siku nne, tano. Maziwa yaliyotoka yaliganda yakawa ngozi nyeupe, kisha ngozi ile ikageuka kahawia na kuwa ngumu. Ndipo alipoyachukua akayachomeka ardhini, unyayo mmoja kati ya tawi na tawi, bila maji, bila mbolea, wala hakurudi kuyatazama mpaka mvua za Oktoba.

"Acha ilale kwanza," alikuwa akiniambia. "Ukiipanda na kidonda wazi, itaoza. Kidonda kikifunga, haifi tena."

Kambo, kwetu upande huu wa Kongo, ni nyanya au babu; neno hili halina uhusiano na baba wa kambo wa Kiswahili cha pwani. Na mti ninaousimulia ni ule ambao vitabu huuita mnyaa, kwingine mtupa au utupa. Sisi watoto wa Kabimba hatukuyajua majina hayo. Tuliuita lupango, basi. Lupango ni neno la Katanga lenye maana mbili ambazo kwetu zilikuwa moja: ni ua unaozunguka makazi, na ni kiwanja chenyewe pamoja na nyumba, migomba, choo na watu waliomo. Ukimpoteza mtu njiani ukaambiwa "yuko kwa lupango", unajua amefika.

Kabimba iko kaskazini mwa mji wa Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi. Jua letu huchomoza majini, juu ya milima ya Tanzania, na kuzama nyuma ya vilima vyetu. Wageni huichanganya na Kibamba, ile ya upande wa Fizi ambako Che Guevara aliweka kambi mwaka 1965; hapo si petu. Petu panajulikana kwa mawe ya chokaa na kwa kiwanda cha saruji kilichojengwa kwa sababu ya mawe hayo. Wanaume wa kwetu waligawanyika: wa kiwandani na wa ziwani. Wa kiwandani walirudi nyumbani na nyusi nyeupe, wa ziwani walirudi alfajiri wananuka mafuta ya taa kwa sababu ya karabai walizovulia ndakala, dagaa wa kwetu, usiku kucha. Udongo wa vilimani ulikuwa mwembamba juu ya mwamba. Kiangazi kilipoanza Mei, nyasi zilikuwa njano kufikia Juni, na Agosti upepo wa ziwani ulikuwa ukipeperusha vumbi tu. Miezi hiyo yote mnyaa ulibaki kijani kibichi, kana kwamba una kisima chake peke yake.

Asiyeufahamu nitamwelezea. Hauna majani ya kuonekana. Una vijani vidogo mno kwenye ncha za matawi machanga, vinavyodondoka kabla hujavitilia maanani. Kinachobaki ni vijiti vya kijani, laini, vya mviringo, vinene kama penseli, vinavyochipuka kwa mafungu kutoka kwenye vijiti vingine mpaka kichaka kizima kinafanana na ufagio uliosimamishwa. Ukikatwa kila mwaka unabaki ua wa kimo cha mtu. Ukiachwa, unakuwa mti, mita 6, mita 10, wenye shina la kijivu lililokunjamana. Ukivunja kijiti popote pale, maziwa meupe yanatoka papo hapo, mengi kuliko unavyotarajia kutoka kwenye kitu chembamba kiasi kile.

Kwa ajili ya maziwa hayo hakuna mbuzi anayekula ua huo, hakuna ng'ombe anayeupenya, na hakuna mama anayeanika nguo juu yake. Khanga iliyoanikwa pale mara moja hupata madoa yasiyotoka, na mwenye kuivaa hujikuna shingo siku nzima. Kambo alikuwa na sheria zake. Kuni zake hazipikiwi, hata zikiwa zimekauka, kwa kuwa moshi wake hutoa watu jikoni wakilia. Watoto hawachezi "maduka" kwa kukamulia maziwa yake kwenye vifuniko vya chupa, ingawa tulicheza. Tone moja huwekwa juu ya sugu ya kidole au chunjua, kwa ncha ya mwiba, na pembeni hupakwa mafuta ya mawese ili ngozi nzima isiungue. Jino likitoboka, pamba yenye tone dogo huingizwa ndani ya tundu, na mgonjwa huinamishwa kichwa asimeze. Waliokuja kuomba dawa ya kunywa ya kikohozi au ya tumbo kutoka kwenye mti ule aliwafukuza, ijapokuwa nilisikia kwamba kwingine hunywewa. Juu ya hilo alikuwa mkali kuliko muuguzi yeyote niliyemfahamu baadaye.

Alikuwa mkali pia juu ya samaki. Kiangazi kimoja kaka zangu walitwanga vijiti vya mnyaa wakavimwaga kwenye kidimbwi cha kijito kilichokuwa karibu kukauka. Baada ya muda samaki wadogo walianza kuyumba, wakapanda juu wakihema, wakalala ubavu. Wavulana waliwaokota kwa mikono wakaja nao nyumbani kwa shangwe. Kambo aliwatazama samaki, akatazama mikono iliyovimba vipele, akabeba beseni mpaka nyuma ya choo na kuwafukia wote. Marehemu mume wake alikuwa mvuvi wa nyavu na taa. Kuua kidimbwi kizima, na mayai na vifaranga vilivyomo, kwake lilikuwa tendo la mtu asiyefikiria mwakani.

Sasa nieleze juu ya macho yangu.

Ilikuwa Septemba 1989, nina miaka tisa. Nilitumwa kupunguza ua wa upande wa ziwa, kazi niliyokuwa naitaka kwa sababu ilikuwa ya wakubwa. Nilisimama chini ya tawi nililokuwa nalikata, jambo ambalo nilikuwa nimekatazwa mara nyingi. Sikusikia maumivu mara moja. Nilihisi ubaridi tu, kama umande, kisha kwa muda wa kumenya ndizi macho yote mawili yakawaka. Nilikimbia nikagonga ukuta. Kambo alinishika, akanilaza chali, akapiga kelele kumwita jirani aliyekuwa ananyonyesha. Mama yule alikuja na mtoto wake mgongoni, akainama juu yangu na kunikamulia maziwa yake machoni, moja kwa moja kutoka kwenye titi, tena na tena. Maziwa kwa maziwa, ndivyo walivyosema. Siku hizi madaktari wa macho wanashauri maji safi, mengi, kwa dakika nyingi bila kuacha, kisha hospitali haraka, na nimewaambia hivyo wanafunzi wangu wote. Lakini siku ile mikono miwili ya wanawake ilinishikilia kichwa, na hadi leo nikisikia harufu ya maziwa ya mama nanyamaza.

Sikuona kwa siku tatu. Kope zilivimba zikafunga, na hata nilipozifungua kwa vidole kulikuwa na weupe tu. Kambo aliniweka kwenye mkeka kibarazani, kitambaa cheusi usoni, na kunikataza kulia kwa sababu machozi yangeongeza moto. Nilisikia king'ora cha kiwanda. Nilisikia mashua zikirudi na wanawake wakibishana bei ya ndakala ufukweni. Halafu, jua lilipokuwa kali, nilisikia kitu ambacho macho yangu mazima hayakuwahi kuniambia: pa! Kimya. Pa! pa! Mlio mdogo, kama mtu anavunja kucha. Ulitoka upande wa ziwa tu, kwenye ua uleule ulioniunguza. Upande wa mlimani kimya kabisa.

"Ni kitu gani kinapasuka?"

"Ni watoto wake," Kambo alisema. "Lupango ya huku ni mwanamke. Ile ya juu ni mwanaume."

Nilidhani ananituliza kwa hadithi. Miaka mingi baadaye, nikisomea ualimu wa biolojia, nilifungua kitabu nikakuta kwamba mnyaa mmoja hutoa ama maua ya kiume ama ya kike, na kwamba minyaa ya kike huonekana kwa nadra. Tunda lake ni kibonge chenye sehemu tatu, kidogo kama mbaazi, na likikauka hupasuka na kurusha mbegu. Na kwa kuwa ua hupandwa kwa matawi, ua mzima uliotoka kwenye mti mmoja ni mti uleule uliorudiwa mara mia: ama mia dume, ama mia jike. Kambo hakuwahi kuingia darasani. Tawi la ua wake wa mashariki alilileta kutoka kwa mama yake siku alipoolewa, limefungwa kwenye jani la mgomba. La upande wa juu mume wake alilipewa na ndugu zake. Wazee wale wawili walikutanisha ukoo na ukoo kwenye pembe za kiwanja, na pembe zote nne Kambo akachomeka mkonge ili jembe la mtu lisije likasahau.

Nilipona. Jicho la kushoto bado huona ukungu kidogo wakati wa alasiri.

Kuna mtoto mwingine sitamtaja jina. Alikuwa mwenzetu kwenye yale maduka yetu ya vifuniko vya chupa. Taya lake lilianza kuvimba, tukasema ni jino, mama yake akaweka pamba yenye tone kama ilivyo desturi. Uvimbe haukurudi nyuma, ulipanda mpaka jicho likasukumwa nje. Alipelekwa Kalemie na hakurudi. Nilikuja kusoma, nikiwa mtu mzima, kwamba daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago huko Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu saratani ya mataya ya watoto iliyozagaa katika ukanda wa joto na mvua wa Afrika, na kwamba ugonjwa huo unahusishwa na malaria pamoja na virusi vya Epstein-Barr. Nikasoma pia kwamba maziwa ya mnyaa yana kemikali zinazoweza kuviamsha virusi hivyo vikiwa vimelala ndani ya chembe za mwili, na kwamba watafiti waliofanya kazi Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliikuta mimea ya aina hii zaidi kwenye makazi ya watoto wagonjwa kuliko kwa wenzao. Hakuna aliyesema kwamba mti peke yake huleta saratani. Wala sisemi ndio uliomuua rafiki yangu. Lakini nilifunga kitabu kile nikatoka nje ya maktaba, nikakaa kwenye ngazi mpaka walipofunga milango. Tangu hapo, mtoto akikaribia ua wangu na kifuniko cha chupa mkononi, namwita ndani.

Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998, na kabla mwezi haujaisha Kalemie ilikuwa imebadilisha wenyewe. Sisi tuliondoka usiku kwa mashua ya mbao, watu wengi kuliko mashua ilivyokubali, tukaelekea Kigoma. Kambo alikuwa amebeba kibuyu, blanketi na kisu chake. Hakubeba tawi. Nilimwuliza kwa nini, naye alinitazama kama nimetukana.

Kambi ya Lugufu, mkoani Kigoma, ilikuwa ndani ya msitu wa miombo, mbali na ziwa. Tulipewa turubai na kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba. Cha kushangaza, mti wetu ulikuwepo pia upande ule: ukitoka kambini ukapita vijiji vya Waha, minyaa ilizunguka mazizi na makaburi kama nyumbani. Majirani zetu wa kambini waliomba matawi, na baada ya mvua mbili safu nzima ya mahema ilikuwa na nyua za kijani. Kambo alikataa. "Hapa ni pa kulala," alisema. "Lupango iko Kabimba." Turubai letu lilibaki wazi pande zote, na kuku wa watu walipita ndani wakitafuta makombo ya mahindi ya mgawo.

Badala ya kupanda, alisema. Kila jioni, baada ya ugali, alinikalisha nikariri: upande wa ziwa, lupango yenye kupasuka, upande wa mlima, isiyopasuka, kaskazini, zimechanganyika, yenye kupasuka inaishia kwenye jiwe jeupe, kusini, njia ya ng'ombe, pembe nne, mkonge. Nilikariri kama watoto wengine walivyokariri surati au sala. Nilikuwa msichana wa miaka 18, kisha 20, nikachoka, nikamwambia nimeshajua. "Sema tena," alijibu.

Shuleni kambini ndipo nilipojifunza jina mnyaa. Mwalimu wetu, Mtanzania, alitandika ramani na kutuonyesha Ziwa Manyara, akasema jina hilo limetoka kwenye emanyara, neno la Kimasai la mti wanaouzungushia boma zao. Ziwa zima limepewa jina la ua! Nilimpelekea Kambo habari hiyo mbio. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba maji hutelemka. Kutoka kwa mwalimu yuleyule nilisikia kwamba Mwingereza Richard Burton, alipopita na msafara Unyamwezi mwaka 1857 akielekea ziwa letu, alivikuta vijiji vikiwa vimezungushiwa kichaka cha maziwa. Njia ile ya misafara iliendelea kutoka Ujiji, ikavuka maji na kushukia Mtowa, karibu na Kalemie ya leo. Wazee wa wazee wetu waliwaona wale watu wakipita mbele ya nyua hizi, wengine wamebeba pembe, wengine wamefungwa minyororo.

Mengine niliyapata chuoni, na mojawapo liliniuma kidogo. Jina la kisayansi la mti, Euphorbia tirucalli, Carl Linnaeus aliliandika mwaka 1753, lakini neno la pili ni la Malabar, kusini mwa India, ambako Mholanzi Hendrik van Rheede alikuwa ameuchora mti huo katika kitabu chake cha karne ya 17. Mti wa Afrika, uliosafirishwa kuvuka bahari ukapandwa kwenye nyua za wengine, ukarudi kwetu na jina la ugenini. Lingine lilinifurahisha sana, na bado nalifundisha kwa furaha ileile. Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana ili kuvuta hewa ukaa, na jua huifyonza maji kupitia matundu hayohayo. Vijiti vya mnyaa hufanya kinyume: hufunga mchana na kufungua usiku wakati kuna ubaridi, huivuta hewa, huigeuza kuwa tindikali na kuihifadhi mpaka kuche, ndipo jua liikamilishe kazi kwa milango iliyofungwa. Vile vijani vidogo vinavyodondoka hufuata desturi ya kawaida, ndiyo maana mti huvitupa kiangazi kikija. Wanafunzi wangu huvaa mifuko ya plastiki mikononi, hukata kijiti alfajiri na kingine saa kumi jioni, na kupima utomvu kwa karatasi ya litimasi. Karatasi ya alfajiri hukolea wekundu zaidi. Kila mwaka kuna mmoja anayepiga kelele.

Mmarekani Melvin Calvin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961 kwa kuchunguza jinsi mimea inavyotumia hewa hiyo, miaka ya 1970 alipendekeza mti huu ulimwe kwenye ardhi kavu ili maziwa yake yageuzwe mafuta. Nikakumbuka moshi mzito wa kuni tulizokatazwa, nikaelewa Kambo alikuwa akikataa kupikia nini.

Kambo alifariki Lugufu mwaka 2003. Tulimzika kambini, na mtu fulani, kwa wema, alichomeka matawi ya mnyaa kuzunguka kaburi. Sikuyang'oa. Kambi ilifungwa mwaka 2009, na nilivyosikia kutoka kwa waliopita baadaye, msitu umerudi.

Nilirudi Kabimba Septemba 2008. Nyumba zetu zilikuwa za matofali mabichi, na mvua kumi bila mtu wa kuzikandika zilitosha kuzirudisha udongo. Nilisimama mahali nilipodhani ni petu nisitambue kitu. Migomba imekwisha, choo kimefukiwa, njia zimehama. Kilichosimama ni minyaa. Ua wa kimo cha mtu ulikuwa umekuwa msitu wa miti mirefu, mashina ya kijivu, vichwa vya kijani vimefumana juu, ndege wamejenga ndani. Mistari yake tu ndiyo iliyoonyesha kwamba hapo palikuwa na mtaa.

Ndani ya mistari yetu kulikuwa na familia nyingine. Wao pia walikuwa wamekimbia, kutoka vijiji vya bara, wakakuta pakavu na patupu, wakajenga. Sikuwachukia siku ile na siwachukii leo. Lakini walikuwa wamejenga nyumba mbili, moja ndani ya kiwanja chetu kabisa, na baba wa familia alisema eneo lote mpaka kwenye jiwe ni lake. Mimi sikuwa na karatasi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 husema ardhi yote ni mali ya Serikali, na mwenye hati ndiye mwenye haki. Kwa watu wa vijijini hati hizo zilikuwa jambo la mjini. Tulikwenda kwa shefu wa kijiji na wazee wake.

Mzee mmoja, fimbo mkononi, aliniuliza mbele ya watu wote: "Mwana, unajua nini juu ya pale?"

Nikafungua mdomo, yakatoka maneno ya jioni za Lugufu. Upande wa ziwa, yenye kupasuka. Upande wa mlima, isiyopasuka. Kaskazini zimechanganyika, yenye kupasuka inaishia kwenye jiwe jeupe. Watu walicheka, ua gani unapasuka? Yule mzee hakucheka. Alisimama, tukamfuata wote, shefu, wazee, baba yule na wanawe, watoto wa shule. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kiangazi. Tulisimama kando ya minyaa ya mashariki tukanyamaza. Muda ukapita, nikaanza kuogopa.

Pa!

Kisha mwingine, na mwingine. Mtoto mmoja akaokota ganda dogo lililogawanyika mara tatu. Tukapanda upande wa mlima, tukasimama muda uleule, hatukusikia kitu, wala chini hapakuwa na ganda. Kaskazini tulitembea mti kwa mti, watoto wakipekua chini, ganda, ganda, ganda, mpaka mwamba mweupe. Kupita hapo hakuna tena. Pembeni, chini ya matawi, kulikuwa na kisiki cha mkonge kilichokwisha kutoa maua na kufa, na kuzunguka kisiki, machipukizi yake.

Mzee aliketi juu ya mwamba. "Huyu ni mjukuu wa yule mama," alisema.

Hatukuwafukuza. Nyumba iliyokuwa ndani ilibaki mpaka mavuno, kisha wakahamia upande wa chini, kati ya ua wetu wa mashariki na ziwa, ambako palikuwa wazi. Tukawa majirani. Mke wa yule baba na mimi tuliacha mwanya kwenye ua, upana wa bega, wa kupitishia kaa la moto asubuhi na bakuli la mboga jioni. Kambo alikuwa na mwanya kama huo na yule mama aliyenikamulia maziwa machoni.

Mabadiliko yamekuwa mengi. Wenye kipato sasa wanazungushia matofali ya saruji, na siwezi kuwalaumu watu wanaoishi mahali panapotengenezwa saruji kwa kuitumia. Wazazi wenye watoto wadogo wameng'oa minyaa baada ya kunisikiliza mimi mwenyewe, na nadhani wamefanya vema. Wangu nimeubakiza kwa sababu ninajua kuukata.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Lilipanda mwaka 2021, na Aprili 2024 maji yaliingia mitaa ya Kalemie na ya Uvira, na ng'ambo kule Bujumbura. Kwetu yalikuja polepole, bila mawimbi, kama mtu anayesogeza mkeka. Yalichukua jiko la jirani, kisha nyumba yao, kisha yakafika kwenye mashina ya ua wa mashariki. Mnyaa ambao ulikuwa umevumilia miaka kumi bila mtu, jua na mbuzi na moto wa nyasi, hauwezi kusimama majini. Mizizi huoza. Vijiti viligeuka njano kuanzia chini, vikalainika, vikaanza kudondoka juu ya maji kimoja kimoja, na maji kuzunguka mashina yakawa na utando mweupe. Niliwakataza watoto kuogelea upande huo.

Jirani na watu wake wamehamia juu, kwenye kipande cha mlimani walichopewa na shefu. Wiki hii alikuja kunisalimia, akaketi kibarazani, tukatazama ziwa ambalo sasa liko karibu mno. Miti mitatu ya kike ilikuwa bado kijani kwenye vichwa, ile iliyo karibu na jiwe. Akaniuliza kama inafaa kwa mpaka wake mpya. Nikachukua kisu, tukazunguka kwa nyuma, upepo mgongoni, nikamwonyesha asimame wapi. Tulikata matawi 40, ishirini yake na ishirini yangu. Alitaka kuyabeba palepale akayapande kabla ya mvua.

"Acha yalale kwanza," nilimwambia.

Yako chini ya upenu, yameelekea upande mmoja. Leo ni siku ya tatu. Maziwa yameshaganda, lakini bado ni meupe.